Eti Guru Gobind Singh alituachia kitabu kwa vile hakubakiwa na mtoto?

SWALI: Giani ji, Sat Sri Akal. Jamaa mmoja kazini kila siku ananitania, eti nyie Makalasinga mnasujudia kitabu, yaani Guru Granth Sahib, na kwamba guru wa kumi alikipa uguru kwa vile watoto wake wote wanne walishakufa. Nimjibuje?

JIBU: Sat Sri Akal mwanangu. Kuhusu watoto hajakosea, wakubwa wawili waliuawa vitani Chamkaur, wale wadogo wakajengewa ukuta wakiwa hai kule Sirhind. Ila hapo kwenye "kwa vile" ndo kachemka.

Muulize hivi, Guru Nanak, yule wa kwanza, alikuwa na vijana wawili, Sri Chand na Lakhmi Das, wazima kabisa, mbona 1539 uguru akampa Lehna, mfuasi tu, akamwita Angad? Na Angad naye akawapita wanawe akampa Amar Das, mzee wa miaka 70 na kitu ambaye inasimuliwa kila alfajiri alikuwa anamchotea maji ya kuoga mtoni. Sawa, kuanzia Guru Ram Das, wa nne, uguru ulibaki ukoo wa Sodhi, sikatai, lakini hata humo mwanawe mkubwa Prithi Chand alirukwa akapewa mdogo wake Arjan, na kaka alinuna si mchezo.

Sasa huyo Arjan ndo aliyekusanya tenzi 1604, si za maguru tu, kuna za Kabir, za Ravidas fundi viatu, za Sheikh Farid ambaye ni Mwislamu, akakiweka kitabu pale Harmandir, hekalu letu la Amritsar. Wazee husimulia usiku kitabu kinalala kitandani na yeye guru mwenyewe analala chini sakafuni! Hiyo ni miaka 100 na zaidi kabla ya Nanded 1708, ambako Gobind Singh alikipa kitabu uguru, kwa hiyo Gobind Singh hakubuni kitu. Hata Nanak, wale mayogi walipomuuliza guru wako nani, aliwajibu ni Neno.

Karatasi na wino hatuviabudu. Asubuhi granthi, yaani msomaji wa kitabu, anakifungua popote, anasoma utenzi aliouangukia, hiyo ndo hukamnama, amri ya siku hiyo. Tunainama kama mtu anayekuja kupokea maagizo.

Mkisafiri Mombasa mpitishe gurdwara, hekalu letu, la Makindu, avue viatu, afunike kichwa. Guru Amar Das alitaka mgeni ale kwanza na wenzake ndo amuone, kwa hiyo anza na dengu na chapati, halafu aingie ndani asikilize. Kuinama usimlazimishe.