Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kama aifuate kazi yangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, nikiacha ofisi nikasomee usafi wa kinywa kama wewe, nitakuwa nakwangua meno ya watu mpaka uzeeni? Na wewe ungerudishiwa ujana ungeichagua tena kazi hii?" Kwenye simu ningekujibu ndiyo tu, nawe ungeniamini kwa sababu mimi ni mama yako. Ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Kukwangua kupo, sikufichi. Utando wa bakteria ukiachwa kwenye jino huanza kugandishwa na madini ya mate ndani ya siku chache, na ukishakuwa ukoga mgumu hakuna mswaki utakaoubandua. Lakini kabla ya kukwangua tunapima. Unachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, unakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi, sehemu sita kwa kila jino. Mwenye meno yote 32 ana vipimo 192. Milimita 1 hadi 3 bila damu, hapo hakuna neno. Ukianza kusoma 5 au 6, ujue ufizi unaachana na jino na huenda mfupa ulioshika mzizi unaliwa. Ukishaliwa haurudi wenyewe. Na mara nyingi mwenye kinywa hana habari, kwa sababu hasikii maumivu yoyote.

Huko chini ya ufizi jicho halifiki, ni mkono unaoona. Unaegemeza kidole cha pete kwenye jino la jirani ili usiteleze, kisha unasikiliza kwa vidole pale ncha ya chuma inapokwaruza. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikisema "pamekuwa laini", mwalimu anapitisha chuma chake, anatikisa kichwa, narudia. Siku hizi kuna mashine ambayo ncha yake hutetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde huku ikimwaga maji, nayo hutoa ukoga mwingi. Bado mimi humalizia kwa vyuma vya mkono, na vyuma huvinoa mwenyewe. Chuma butu huulainisha ukoga juu juu na kuuacha pale pale, halafu kinakulazimisha utumie nguvu, na nguvu hizo utazilipia kwenye kifundo cha mkono.

Hayo yote unaweza kufundishwa. Kilicho kigumu, na ndicho kinachonirudisha kazini kila asubuhi, ni aibu ya watu.

Ni wachache wanaoketi kwenye kile kiti bila kuanza kujitetea. Sijavaa hata glavu, mtu ananiambia, "Samahani, nimechelewa sana kuja." Mwingine anaongea huku kiganja kimefunika mdomo. Mwaka wangu wa pili kazini alikuja baba mmoja, fizi zimevimba, na nyuma ya meno ya mbele ya chini ukoga umejenga kama ukuta (hapo hupenda kuganda kwa sababu ndipo mate yanapomwagikia). Nilimuuliza, kwa sauti ya mwalimu anayekagua daftari, mara ya mwisho kupiga mswaki ilikuwa lini. Alijibu kwa sauti ya chini. Nikamsafisha, na kwa upande wa mikono kazi ilikuwa nzuri. Nikampa tarehe ya kurudi, hakurudi.

Alirudi baada ya miaka sita, meno mawili yakicheza. Daktari aliyaangalia akasema hayana budi kung'olewa. Wakati namwandaa, akanieleza kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiogopa kuulizwa tena swali aliloulizwa mara ya kwanza. Nyuma ya barakoa hakunitambua. Niliinamisha kichwa nikaendelea kupanga vyombo, na mpaka leo najuta kwamba sikumwambia kuwa aliyemuuliza ni mimi, nikamwomba radhi.

Tangu siku ile siulizi "lini". Nampa mtu kioo ashike, namwonyesha panapotoka damu, namwomba anionyeshe anavyopiga mswaki, tunaanzia hapo. Mwenye vidole vilivyokakamaa simsumbui na uzi wa meno, namtafutia vibrashi vidogo vya kati ya meno. Anayevuta sigara namweleza kwamba fizi zake kutotoa damu si dalili ya uzima, kwani sigara huweza kuizuia ile damu ambayo ingemshtua. Mwenye kisukari namwambia waziwazi kwamba sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zinazougua huifanya sukari izidi kuwa ngumu kudhibiti. Halafu anaondoka, na yaliyobaki yako mikononi mwake. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Denmark, walichapisha utafiti wa watu 12 wenye fizi nzima walioacha kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba, na waliporudia usafi zikapona. Nimewasimulia wagonjwa kisa hicho mara nyingi, maana kinampa mtu matumaini kuliko mahubiri yoyote.

Na kazi hii tangu mwanzo ilikuwa ya kufundisha. Daktari Alfred Fones wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani, alimfunza msaidizi wake Irene Newman kuanzia 1906, kisha mwaka 1913 akafungua shule, na wahitimu wake wakaenda kusafisha meno ya watoto wa shule na kuwafundisha namna ya kuyatunza.

Sasa gharama. Shingo, mabega, mgongo, kifundo cha mkono: nimewaona wenzangu wakiacha kazi mapema kwa sababu hiyo. Nunua miwani ya kukuza mapema na ujizoeze kukaa wima. Usiinamie kinywa, mgeuze mgonjwa kichwa. Pata chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla hujamgusa mtu. Ngazi za kupanda si nyingi: kufundisha, afya ya jamii, utafiti. Mipaka ya kazi nayo hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Kuna mahali utachoma ganzi na hata kufungua chumba chako mwenyewe cha kuhudumia wagonjwa, na kuna mahali hugusi mtu bila agizo la daktari wa meno. Kabla hujalipa ada hata moja, iulize mamlaka inayotoa leseni unakotaka kufanyia kazi kama inakitambua chuo hicho.

Kwako wewe, damu na harufu hazinipi wasiwasi. Nina wasiwasi na kurudia, maana tangu utotoni jambo likijirudia unalichoka, na kinywa cha saa nne hufanana sana na cha saa tatu mpaka ujue kuangalia. Lakini nilikuona ulivyomhudumia bibi yako aliposhindwa kujiogesha. Hata siku moja hukumfanya aone haya. Mwanangu, hilo mimi lilinigharimu meno mawili ya mtu kujifunza, na wewe unalo tayari.

Ndiyo, ningeichagua tena. Omba ruhusa uje ukae nami siku nzima, tangu kutakasa vyombo asubuhi hadi mgonjwa wa mwisho, uangalie mikono yangu na nyuso zao, ndipo uamue.

Halafu umeandika pale chini, kama jambo dogo, kwamba ufizi wako wa kulia unatoka damu ukipiga mswaki na kwamba umeamua kuukwepa. Usiukwepe. Tumia mswaki laini, uulaze kidogo kuelekea ufizini, usiku na asubuhi, dakika mbili, na pitisha uzi hapo hapo panapotoka damu. Wiki mbili zikipita bado inatoka, nenda ukapimwe, usiningoje mimi.

Mama yako