ULIZA FUNDI: Tairi za nyuma hazimalizi miezi minne

SWALI: Fundi shikamoo. Mi niko Ujiji, nina Probox nabebea mawese, natoa Ilagala naleta mjini, wiki mara tatu, msimu ukikubali hata nne. Shida yangu tairi za nyuma. Nafunga 175/70R14 84T za mtumba, nzuri kabisa, upepo naweka 30, lakini hazimalizi miezi minne zimelika pembeni kote ndani na nje, katikati kashata (meno ya tairi) bado zipo unaziona. Juzi moja ikapasuka usiku nina mzigo, ikabidi tushushe madumu yote 40 chini na mama mwenye mzigo anagomba. Fundi mmoja kasema alaimenti, yaani tairi hazijakaa sawasawa, nimefanya mara mbili hamna kitu, mwingine kasema nifunge springi ngumu. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba kijana wangu, pole na ya njiani. Kwa sasa usimfuate yeyote. Alaimenti ikiwa mbovu inakula upande mmoja, na mara nyingi utaionea tairi za mbele. Tairi likilika pembe zote mbili katikati ikabaki, hiyo ni njaa ya upepo, ama umejaza kidogo ama mzigo umeuzidi upepo uliopo, kwa tairi ni kitu kilekile. Watu wanadhani mpira ndo unabeba gari, wapi! Mpira ni gunia tu, kinachobeba ni upepo uliofungiwa humo ndani, ukiwa mdogo tairi linakaa, linatembelea mabega, na ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, unachemka, unachemka mpaka nyuzi za ndani zinaachia, ndo hapo unasikia mlio usiku.

Sasa chukua kalamu. Mawese ni mepesi kidogo kuliko maji, dumu la lita 20 lina kilo 18 hivi, na dumu lenyewe sema 19. Mara 40 ni kilo 760. Probox ya mizigo Japani wameiandikia kilo 400 mkiwa watu wawili, mkijaa watano zinabaki 250. Wewe umepakia karibia mara mbili yake, na bado hujanitajia gunia la dagaa kwenye keria maana nawajua.

Turudi kwenye tairi. Hiyo 84 unayoiona ubavuni siyo urembo, ni alama ya uzito, maana yake tairi moja mwisho kilo 500. Mbili za nyuma ni 1000. Gari likiwa tupu nyuma kunakaa kama kilo 450, ongeza 760 zako ambazo karibu zote zinakalia nyuma, umeshafika 1200 na mama bado hajapanda! Tena hizo 500 ni tairi likiwa na upepo wake kamili, siyo 30.

Kwa hiyo kwanza achana na tairi za teksi, tafuta za mzigo, zile zina LT au C ubavuni. Probox za mizigo za siku hizi zinakuja na 155/80R14 88/86N, na 88 ni kilo 560. Upepo soma kibandiko cha mlangoni kwa dereva, kama kimeandikwa kPa gawa kwa saba utapata PSI za kukaribia, ndo kipimo cha hiyo 30 yako, 240 ni kama 34. Pima asubuhi kabla hujaondoka, tairi likishachemka geji inapanda, usije ukautoa upepo ukadhani umezidi. Za mtumba angalia pia tarakimu nne za mwisho pale ubavuni palipoandikwa DOT, 2317 ni tairi limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2017, hiyo hata kama inang'aa mi siibebei mzigo.

Halafu madumu 20 kwa safari, kilo 380. Najua utalalamika mafuta ya gari kwa safari kuongezeka, ila piga na hesabu ya tairi mbili kila miezi minne na ule usiku wa kushusha madumu. Springi ngumu itainua makalio ya gari tu lisionekane limelemewa, tairi, beringi na breki ni zilezile.

SWALI: Fundi habari, mi dada wa Urambo, nina pikapu. Kwenda Tabora mjini napakia gunia 10 za mahindi, kurudi niko tupu. Zangu zinalika katikati tu, na nikiwa tupu kwenye changarawe nyuma inachezacheza. Upepo naweka 55 mda wote.

JIBU: Nzuri dada. Wewe ni kinyume cha mwenzio wa Ujiji. 55 inaweza kuwa sawa ukiwa na mzigo, ukishashusha tairi linabinuka mgongo linagusa chini katikati tu, ndo maana linalika hapo na linateleza. Ukishusha pumzika kwanza, tairi likipoa punguza mpaka kiwango cha kibandiko cha gari tupu, kesho kabla ya kupakia jaza tena. Nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari na geji yako mwenyewe, za mtaani nyingi zinasema zinavyotaka. Ila hizo gunia kumi, ni za kilo mia au lumbesa? Pima moja kwenye mizani halafu uniandikie tena.