Roboti Yangu Ilipojisalimia Yenyewe Hewani

Jumatatu ya wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mtu ambaye sikutarajia aniandikie tena. "Ndugu yangu, habari za siku nyingi. Ile roboti yenu ya drafti imenifurahisha sana. Naomba uniwekee kwenye chaneli yangu, tutaelewana." Mtu huyu ndiye aliyenifukuza hewani miaka miwili iliyopita, watazamaji wake wakisikia, kwa maneno ambayo sijayasahau: "Mwondoeni huyo na takataka yake." Nilimjibu, na jibu lenyewe nitalifikia, lakini kwanza nataka kuzungumza nanyi mnaotamani kuunda roboti ya gumzo, yaani programu inayosoma na kujibu ujumbe wa watazamaji, kwa matangazo ya moja kwa moja, kwa sababu najua mtateleza palepale nilipoteleza mimi. (Nasema roboti kwa kukusudia. Hapa Kisumu ukisema boti, watu wanatazama upande wa Dunga, ufuoni kwa wavuvi.)

Nilianza na Twitch, jukwaa la matangazo ya moja kwa moja, si kwa sababu jamaa zangu wanaitazama, bali kwa sababu gumzo lake ni rahisi kwa anayejifunza. Linatumia itifaki (kanuni za mawasiliano) ya IRC, iliyobuniwa Ufini mwaka 1988, ambayo ni mistari ya maandishi matupu inayopita kati ya seva na programu yako. Unaunganisha, unajitambulisha kwa ufunguo wa siri, kisha unasoma mstari mmoja mmoja. Kila baada ya dakika chache seva hutuma neno PING, na usipojibu PONG unakatwa. Usiku ambao roboti yangu ilijibu PONG hadi alfajiri bila kukatika, nilimwamsha mke wangu aje kuona, naye akatazama skrini, akaniuliza kama nimezima jiko. Miezi iliyofuata ilikuwa ya kusoma maelezo na kununua bando, wala haina hadithi.

Ndipo nikaenda kwa bwana yule, ambaye chaneli yake ya YouTube hutangaza mechi za mitaani. Nilimwahidi roboti itakayowapokea watazamaji kwa adabu: mtu akiandika "habari", ijibu "Habari yako, karibu sana." Nilikuwa nimeijaribu Twitch mara nyingi bila hitilafu. Jambo ambalo sikulifahamu ni kwamba Twitch hairudishii muunganisho wako ujumbe ulioutuma wewe mwenyewe, ilhali orodha ya ujumbe ya YouTube huleta kila kitu, pamoja na maneno ya roboti yako. Mtu wa kwanza akaandika "habari". Roboti ikajibu. Ikasoma jibu lake, ikakuta ndani yake neno "habari", ikajijibu tena, na ikaendelea hivyo kwa unyenyekevu mkubwa wakati bao linafungwa na watu wanataka kuandika "gooo" lakini gumzo zima limejaa "Habari yako, karibu sana". Tiba yake ni mstari mmoja tu wa kulinganisha kitambulisho cha mwandishi na cha roboti, na kuupuuza ujumbe vikilingana. Mstari mmoja! Ningepewa dakika tano ningeuandika. Sikupewa, na wale niliodhani ni marafiki walicheka pamoja naye.

Basi mjaribu roboti mahali itakapofanyia kazi, wala si mahali panapowapendeza ninyi. Nasema hivi kwa uchungu.

Wazo la drafti lilizaliwa karibu na soko la Kibuye, penye fundi viatu tunayemwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, ambaye ubao wake ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi kwa mkono, na kete zake ni vifuniko vya soda, kumi na viwili vimelala kifudifudi na kumi na viwili chali. Nilimwomba acheze dhidi ya watazamaji wote kwa pamoja. Simu yangu inaning'inia juu ya ubao kwenye fito, watazamaji wanapiga kura kwa gumzo, roboti inahesabu, nami nasogeza kete iliyoshinda.

Miraba inayotumika ni 32, nikaipa nambari, nikatangaza kwamba kura iandikwe "!9-13" na si vinginevyo. Hakuna aliyefuata. Waliandika "9 hadi 13", "tisa iende kumi na tatu", "13 kutoka 9", na mmoja akaandika "kula huyo mjinga". Kwa majuma mawili niliwakaripia, hadi Jaduong', ambaye hata simu yake ni ya kubofya, aliponiambia huku akishona soli: "Kijana wangu, wewe ndiye umewaita. Mbona wao ndio wajifunze lugha yako?"

Nikaiandika upya. Sasa roboti haitafuti alama ya mshangao. Inatafuta nambari mbili zozote, ziwe tarakimu au maneno, kisha inaangalia ni mwendo upi kati ya hizo unaruhusiwa ubaoni wakati huo. Ikiwa ubaoni kuna ulaji mmoja tu, basi neno "kula" pekee linatosha kuwa kura. Hiyo ndiyo sehemu ninayojivunia kuliko zote, na ndiyo watu wasiyoiona.

Mambo mengine mawili nayataja kwa ufupi. Picha humfikia mtazamaji ikiwa imechelewa, kwa hiyo pimeni ucheleweshaji kwa kuweka saa inayohesabu sekunde mbele ya kamera na kuitazama kwenye simu nyingine. Wangu ulikuwa sekunde 20, na kura yangu ya sekunde 30 ilikuwa ikiwadhulumu watu. La pili ni mgao: YouTube humpa mwenye programu uniti 10,000 kwa siku, na kila ombi ambalo roboti inatuma kwa YouTube hula sehemu yake. Kila jibu la gumzo huja na idadi ya milisekunde za kusubiri kabla ya kuuliza tena. Subirini. Mgao ukiisha, unarudi saa sita usiku kwa saa za pwani ya Pasifiki ya Marekani, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi, au saa tano wakati wao wamerudisha saa nyuma.

Jumamosi watazamaji walimshinda Jaduong' kwa mara ya kwanza. Akauliza walikuwa wangapi, akaambiwa 61, akasema basi hajashindwa.

Na yule bwana nilimtumia roboti nzima, bila malipo, pamoja na maelezo ya kurasa mbili. Jumapili saa kumi jioni alinipigia simu katikati ya mechi akisema kitu changu kimekufa. Nikamuuliza kama aligusa muda wa kusubiri. Akasema ndiyo, aliushusha hadi sekunde moja ili iwe na kasi. Nikamwambia ajaribu tena kesho, saa nne asubuhi.