Maswali ya Wasomaji: Mwaka wa Kwanza Chuoni, Moshi na Arusha

Barua nyingi za msimu huu ni za vijana wanaoanza chuo na wazazi wanaowasomesha. Tumechagua zinazogusa wengi. Mifano yetu ni ya ukanda huu: Ushirika na Mwenge pale Moshi, chuo cha tiba cha KCMC, Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha kule Usa River. Ila taratibu za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na za Bodi ya Mikopo ni za nchi nzima. Wanaokwama muhula wa kwanza mara nyingi wamekwamishwa na tarehe iliyowapita au jina lililoandikwa tofauti kwenye karatasi mbili, kwa hiyo mambo hayo tumeyapa nafasi kubwa.

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu amechaguliwa vyuo viwili, kimoja Moshi na kingine Dodoma. Anasema lazima athibitishe. Anathibitishaje, na siku ya kuripoti abebe nini? – Mzazi, Same

JIBU: Salama mzazi mwenzetu, na hongera. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, kwenye simu aliyoijaza wakati wa kuomba. Binti aingie kwenye akaunti yake ya maombi ya chuo anachokitaka, aweke ile namba, athibitishe. Muda ni mfupi na tarehe ya mwisho hutangazwa na TCU. Ujumbe usipofika, aombe namba itumwe tena kupitia akaunti hiyohiyo. Ndiyo maana laini aliyoombea isitupwe hata kama amepata nyingine. Na kama anasaidiwa na mtu wa stesheneri, akae pembeni yake mpaka kazi iishe, asimwachie namba na nywila akaondoka.

Kuhusu karatasi: barua ya udahili na fomu ya kujiunga iliyojazwa yote, cheti halisi cha kidato cha nne, cheti cha kidato cha sita au karatasi ya matokeo kama cheti hakijatoka, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha za pasipoti, na fomu ya afya iliyosainiwa na daktari na kupigwa mhuri. Hiyo ya afya ndiyo inayorudisha wengi mlangoni, kwa sababu inakosa kipimo kimoja au mhuri hausomeki. Aipitie mstari kwa mstari kabla hajatoka hospitalini. Vyote hivyo atoe nakala tatu tatu na azitenganishe na vile halisi.

Angalieni jina. Chuo na Bodi hufuata jina la cheti cha kidato cha nne. Kama cheti cha kuzaliwa kina jina lingine au herufi tofauti, nendeni kwa wakili mapema mjue hati gani inatakiwa, kiapo au hati ya kubadili jina. Pale chuoni foleni ikiwa ndefu hakuna atakayewasikiliza.

Malipo ya vyuo vya serikali hufanywa kwa kontroo namba. Kila malipo yana yake, kwa hiyo msilipe ada kwa namba ya hosteli mkidhani chuo kitahamisha wenyewe. Mbali na ada, kuna shilingi 20,000 za TCU kwa mwaka na bima ya afya, ambayo kwa wanafunzi imekuwa 50,400 kwa mwaka. Kama tayari ana kadi ya bima inayofanya kazi, abebe kadi na nakala yake asije akalipishwa mara mbili.

SWALI: Shikamooni. Nimepata mkopo asilimia kubwa, nashukuru Mungu. Nyumbani wameniambia nikifika chuo nitakuta hela, nibebe nauli tu. Ni kweli? – Mwanachuo mtarajiwa, Mtwara

JIBU: Marahaba. Si kweli, na tafadhali waonyeshe nyumbani jibu hili kabla hujapanda basi.

Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, haliji kwa sababu umefika chuoni. Linakuja baada ya hatua kadhaa. Kwanza usajiliwe kikamilifu, maana yake sehemu ya ada inayotakiwa imelipwa na karatasi zimekaguliwa. Pili, chuo kinapeleka Bodi majina ya waliosajiliwa. Tatu, Bodi inatuma fedha na orodha. Nne, unasaini kwa alama ya kidole kwenye mfumo wao wa malipo. Hapo ndipo fedha inaingia kwenye akaunti yako. Kati ya hatua ya kwanza na ya nne zinaweza kupita wiki kadhaa, na ukichelewa kusajiliwa jina lako linasubiri orodha inayofuata. Beba fedha ya kula na kulala ya mwezi mzima. Ikishindikana kabisa, beba ya chakula na uwe umehakikisha pa kulala.

Fedha ya chakula na malazi ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/2023. Ikilipwa ya siku 60 kwa mkupuo ni 600,000, na kijana ambaye hajawahi kushika kiasi hicho anaona ni nyingi. Ukitoa kodi ya chumba ya miezi mitatu, godoro na mtungi wa gesi, inayobaki ndiyo ya kula mpaka bumu lijalo. Kiasi chako halisi, na mgawanyo wa ada, vitabu na chakula, viko kwenye akaunti yako ya SIPA, ile akaunti yako ya mtandaoni ya Bodi. Kiangalie huko, usitumie cha mwenzako, kwa maana hampangiwi sawa.

Bumu likichelewa kwako wakati wenzako wamepata, sababu ni mojawapo ya hizi: hukusaini, akaunti ya benki ina jina tofauti na la kidato cha nne, akaunti imelala kwa kutotumika, namba imeandikwa vibaya, au usajili haukukamilika. Nenda dawati la mikopo la chuo na kitambulisho, kadi ya benki na namba ya mtihani ya kidato cha nne. Usiache wiki zikapita, kwa sababu fedha isiyosainiwa ndani ya muda uliowekwa hurudishwa Bodi, na kuirudisha kwako ni safari nyingine ndefu. Aliyekosa mkopo au aliyepata kidogo asubiri dirisha la rufaa, aweke vielelezo vipya, siyo vilevile vya mwanzo.

Na ni mkopo kweli. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

SWALI: Nimekosa hosteli, natafuta gheto Usa River. Dalali ananitaka nilipie kuona vyumba, na mwenye nyumba anataka miezi sita. Nifanyeje? Pia naambiwa maji ya huko yanaharibu meno. – Mwaka wa kwanza, Usa River

JIBU: Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja ukishapata chumba. Anayetaka hela ya kuzungusha kabla ya kuona chochote, mwache. Miezi sita wenye nyumba huomba sana, lakini karibu na vyuo wengi hukubali mitatu, maana wanajua bumu linavyokuja. Usilipe kwa mtu usiyejua kama nyumba ni yake. Omba mkaandikishane mbele ya mjumbe au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: jina la mwenye nyumba, kiasi, tarehe ya kuingia na ya kuisha, notisi ya kuhama. Karatasi hiyo hiyo itakufaa siku ukihitaji barua ya utambulisho.

Kabla ya kutoa hela, uliza LUKU ni ya nani. Vyumba sita kwenye mita moja ni ugomvi wa kila wiki: mmoja ana friji, mwingine ana taa tu, wote mnachangia sawa. Kuna sababu nyingine ya kuuliza. Mita za matumizi madogo hununua uniti kwa bei nafuu mpaka uniti 75 kwa mwezi, na nyumba ya wapangaji wengi haiwezi kubaki humo. Ukiona chumba chenye submita, andika namba iliyopo siku unapoingia, piga na picha. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni mapema namna ya kuipunguza kwenye kodi ya chumba.

Sasa maji, na hili tunaomba ulisome taratibu. Maji ya visima na chemchemi nyingi za miteremko ya Mlima Meru yana madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na maeneo ya Usa River na Maji ya Chai yana vyanzo vinavyokipita mara kadhaa. Meno ya kahawia unayoyaona kwa wenyeji yalipata madoa utotoni, wakati meno yanajengeka ndani ya fizi. Wewe mtu mzima meno yako hayatabadilika rangi kwa miaka mitatu ya chuo. Ila floraidi nyingi kwa muda mrefu huingia kwenye mifupa, na kama unaishi na mtoto mdogo hatari ni kubwa zaidi.

Kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki, na kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke inazidi kuwa kali. Chujio la kawaida la udongo au la kitambaa haliigusi. Kinachoitoa ni mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapohapo jirani, kimeishughulikia kwa miaka mingi. Kwa mwanafunzi njia rahisi ni kutenga maji: ya kuoga na kufua tumia ya bomba la nyumbani, ya kunywa na kupikia tafuta chanzo kilichopimwa, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa. Tumesema na ya kupikia, kwa sababu maharage yanayochemka saa mbili hunywa maji mengi pamoja na kilichomo. Usiyalainishe kwa magadi, maana magadi nayo yana floraidi. Loweka maharage tangu usiku, mwaga yale maji, pika kwa mengine. Yataiva upesi na mtungi wa gesi wa kilo 6 utakaa zaidi.

SWALI: Natoka Dar. Nibebe nguo za baridi? – Mwaka wa kwanza, Makumira

JIBU: Beba sweta moja na shuka nzito. Oktoba hutasikia baridi sana. Juni na Julai Arusha na Usa River utaitafuta blanketi, Moshi mjini kuna nafuu. Nguo nyingine nunua mitumba huku: Memorial kwa Moshi, Kilombero kwa Arusha. Viatu vya tope ni lazima kabla ya masika. Na basi la Dar kwenda Arusha linapita Usa River, mwambie konda akushushe hapo. Usifike Arusha mjini ukalipa nauli ya kurudi.

SWALI: Watu wa mwaka wa pili wanatutisha na GPA, supu na kudisko. Tueleweshe. – Mwaka wa kwanza, Moshi

JIBU: GPA ni wastani wa pointi za masomo yako. Vyuo vikuu vingi vinatumia jedwali hili kwa shahada: A ni 70 na zaidi, pointi 5; B+ ni 60 hadi 69, pointi 4; B ni 50 hadi 59, pointi 3; C ni 40 hadi 49, pointi 2. Chini ya 40 hujafaulu. Vyuo vya tiba na vile vya ngazi za NTA (tuzo za elimu ya ufundi) vina jedwali lao, kwa hiyo soma kitabu cha kanuni cha chuo chako.

Wengi hawajui kwamba masomo hayana uzito sawa. Kila somo lina krediti, na pointi huzidishwa kwa krediti. Chukua muhula wa krediti 60: masomo mawili ya krediti 12 umepata B+ na B, manne ya krediti 9 umepata A, B+, B na C. Hesabu: 48 + 36 + 45 + 36 + 27 + 18 = 210. Gawa kwa 60, GPA ni 3.5. Sasa C hiyo iwe kwenye somo la krediti 12 badala ya B, na B ihamie la krediti 9: jumla ni 207, GPA 3.45, inayokatwa kuwa 3.4. Alama ni zilezile. Lakini daraja la pili la juu huanzia 3.5, na 3.4 ni daraja la pili la chini. Wiki ya kwanza andika krediti za kila somo ukutani, saa zako za kusoma uzigawe kwa kufuata hizo.

Alama za majaribio na kazi za muhula mara nyingi ni 40 kati ya 100, mtihani wa mwisho 60. Zipo kanuni za kiwango cha chini cha mahudhurio na cha alama za muhula. Usipokifikia hukai kwenye mtihani. Kwa hiyo alama za kila jaribio zikibandikwa, hakiki jina na namba yako ya usajili siku hiyohiyo. Kosa likigunduliwa kabla ya mtihani hurekebishwa kwa mhadhiri. Likigunduliwa baada ya matokeo, ni barua na kamati.

Ukishika supu unarudia mtihani wa somo hilo wakati uliopangwa, na kwa kawaida alama ya juu kabisa unayopewa ni C hata ukijibu yote. Usipofaulu, unaweza kukeri somo, yaani kulibeba ulirudie mwaka unaofuata. Kudisko, yaani kuondolewa chuoni, hutokana na GPA kushuka chini ya kiwango cha chuo au kufeli masomo mengi kwa pamoja. Kwa kawaida haitokei kwa somo moja.

SWALI: Nimepangiwa ualimu, nataka kuhamia kozi nyingine hapahapa chuoni. Nimeanza kuingia darasa la hao wengine. – Mwaka wa kwanza, Moshi

JIBU: Rudi darasani kwako leo. Mpaka uwe na barua ya kukubaliwa, alama utakazopata kule hazina pa kuandikwa, na huku kwako utahesabiwa mtoro. Dirisha la kuhama hufunguliwa wiki za mwanzo tu. Unahitaji sifa za kuingilia za kozi hiyo, nafasi iwepo, na uhamisho uthibitishwe na TCU. Kama una mkopo, mjulishe afisa mikopo siku unapopata barua, la sivyo bumu litaendelea kukutafuta kwenye kozi ya zamani.

SWALI: Kijana wangu anaumwa na mitihani ni wiki ijayo. Akikosa itakuwaje? – Mzazi, Rombo

JIBU: Pole sana. Aandike barua ya kuahirisha mitihani kabla haijaanza, kwa mkuu wa idara, na nakala kwa mshauri wa wanafunzi. Aambatishe taarifa ya hospitali yenye mhuri, ikiwezekana ya zahanati ya chuo au iliyothibitishwa nayo. Akishindwa kutembea, wewe au kiongozi wa darasa anaweza kuipeleka. Mlete nakala ya pili, ipigwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, mbaki nayo. Aliyekosa mtihani bila barua huadhibiwa kwa kanuni za chuo chake. Mwenye barua iliyokubaliwa hufanya mtihani huo kipindi cha supu, kwa alama zake kamili.