Mnana hataingia kwenye sanduku lenu

Mwalimu, unasema wanafunzi wametundika masanduku manne ya viota kwenye mwembe tangu muhula uliopita na hakuna ndege aliyeingia, ilhali minana wamejaa uani. Mnana hahitaji sanduku. Dume husuka kiota chake mwenyewe kwa majani mabichi, na ndege mdogo aitwaye chozi naye huning'iniza chake kwenye kijitawi. Sanduku ni la ndege wanaotaga kwenye mashimo: shomoro, baadhi ya kwezi, bundi.

Kwa shomoro tundu la sentimita nne linatosha. Msiweke kijiti cha kutulia mlangoni, kinawasaidia maadui tu. Toboeni vitundu vya maji chini, na bati juu liondoeni kabisa, maana jua la saa saba litawaua makinda. Angalieni pia nyuki! Kwetu huku sanduku tupu hugeuka mzinga haraka, kwa hiyo mtu mzima alikague kwanza kabla mtoto hajapanda ngazi.

Ningekuwa wewe ningeanza na bundi, hasa kwa sababu watoto wameambiwa ni ndege wa uchawi. Tafuteni chini ya dari anamolala yale madonge meusi anayotapika. Lowesheni moja kwenye maji, mlichambue kwa njiti: mtakuta manyoya, mafuvu na mataya ya panya na yale meno yao marefu ya njano. Mtoto akishayahesabu mafuvu hayo kwa mkono wake, anaanza kumuuliza bundi maswali mengine.