Swali la lugha: Ni protini ya saratani au kiashiria cha saratani?

Msomaji ameniandikia: "Natafsiri maelezo ya saratani ya ngozi kwa mbwa na watu, kuna protini ambazo maabara wanazitafuta kwenye kinyama kilichokatwa ili wajue ni saratani gani. Mi nimeandika 'protini za saratani', mwenzangu anasema 'dalili', mwingine 'alama'. Nishike lipi?"

Shika kiashiria, wingi viashiria. Au ukitaka sentensi itembee vizuri zaidi sema "protini zinazoashiria saratani". Naomba nieleze kwa nini maana hapa neno likiteleza kidogo tu mtu anauelewa ugonjwa kinyume.

Tuanze na hiyo "protini za saratani" yako. Hako ka -a unganifu kanabeba mizigo mingi mno, angalia, dawa ya kikohozi inakiondoa kikohozi, mgonjwa wa kikohozi ndo anacho, na zote mbili tumeunganisha kwa njia ileile. Sasa mtu akisoma "protini ya saratani" ataelewa nini? Mmoja atadhani ndiyo inayoleta saratani, mwingine atadhani ni ya kutibu, na kwa vile wengi wetu neno protini tunalijua la kwenye chakula, kuna mtu ataacha kabisa kula vyakula vya protini kwa hofu. Na hizi protini ni za mwili wenyewe jamani. Chukua hiyo inayoitwa S100, imejulikana tangu 1965, na jina limetokana na kwamba inayeyuka kwenye mchanganyiko wa amonia salfeti uliokolea asilimia 100. Inapatikana kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ila ipo pia kwenye seli za neva na za mafuta, kwa mbwa na kwa binadamu vilevile.

Ndo maana nasisitiza kitenzi. S100 inaashiria, haithibitishi. Mtu akikuashiria kwa kidole amekuelekeza upande tu, bado hujafika. Daktari anayesoma kile kinyama anaangalia viashiria kadhaa kwa pamoja, mfano Melan-A, ambayo haimo kwenye seli nyingi kama S100 kwa hiyo inamsogeza karibu zaidi na jibu, ila nayo kuna melanoma nyingine (melanoma ni saratani ya hizo seli za rangi) ambazo ndani yake haionekani kabisa. Ukiandika "protini inayothibitisha saratani" umesema jambo ambalo maabara wenyewe hawasemi.

Dalili je? Hapana, na wahenga wameshatusaidia: dalili ya mvua ni mawingu. Dalili unaiona mwenyewe, kidonda kisichopona, doa linalobadilika rangi, uvimbe unaokua. Protini huioni mpaka maabara wakate kinyama chembamba kabisa, waweke kingamwili zinazoinasa, watie rangi, ndo waweke kwenye darubini. (Hapo kuna jambo limenivutia sana, rangi inayotumika mara nyingi ni ya kahawia, na melanini, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, nayo ni kahawia au nyeusi, kwa hiyo kwenye melanoma maabara nyingi zinatumia nyekundu ili visichanganyikane.)

Alama sio kosa, kwenye saratani ya kiungo kingine ningekuachia. Ila kwenye ngozi hapana, maana "alama ya ngozi" kila mtu anaelewa kovu au doa.

Kingine, usiandike "saratani ya ngozi ya mbwa na binadamu", -a zimerundikana mpaka hujui nini cha nani. Andika "saratani ya ngozi kwa mbwa na kwa binadamu". Na melanoma iache hivyohivyo, usiigeuze kuwa saratani ya ngozi kwa ujumla, kwa sababu aina zipo nyingi, mbwa kwa mfano wanapata sana uvimbe wa seli za masti, ambazo ni aina ya seli za kinga, na huo kiashiria chake kikubwa ni protini iitwayo KIT. Halafu uvimbe na saratani visibadilishane ovyo. Vivimbe vingi vya seli za rangi kwenye ngozi ya mbwa yenye manyoya sio saratani, vya mdomoni ndo mara nyingi hatari.

Utakutana pia na Ki-67. Hiyo Ki- sio ngeli yetu ya ki-vi! Imetoka kwenye jina la mji wa Kiel, Ujerumani, ilikogunduliwa. Kwa hiyo "Ki-67 imeonekana", kwa sababu ni protini, labda useme "kiashiria cha Ki-67 kimeonekana" hapo sawa. Yenyewe haikwambii ni saratani gani, inaonyesha seli ngapi ziko kwenye kugawanyika.

La mwisho, na hili naliona kila siku: "matokeo ni chanya". Kwenye maabara maana yake kilichotafutwa kimeonekana, ila mtu wa kawaida akisikia matokeo chanya anashukuru Mungu akijua ni habari njema, na mwenye mbwa wake anarudi nyumbani anafurahi kumbe ameambiwa mengine kabisa. Andika tu "S100 imeonekana, Melan-A haikuonekana".