Niandike Nini Kuhusu Kazi Zangu za Sanaa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu mkoani Ruvuma, na miongoni mwa masomo yangu ni Sanaa za Ufundi. Mwalimu wetu ametuagiza tuandike tafakuri kuhusu kazi tulizofanya mwaka huu. Mimi nina kazi tatu: mchoro wa chui kwa mtindo wa Tingatinga, chungu tulichokichoma kwa kuni uwanjani, na mfano wa kanga nilioupiga chapa kwa kibao cha lino, yaani kibao laini cha kuchonga. Niliandika kwamba nilifurahi sana na kujifunza mengi, lakini mwalimu alinirudishia daftari akasema bado sijaandika kitu. Tena naona haya kueleza kwamba chui nilimwiga, na kwamba chungu kilitoka motoni kikiwa na baka jeusi ubavuni. Je, hayo niyaseme?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yaseme yote mawili, kwa sababu ndiyo yatakayoipa tafakuri yako uzito. Mwalimu wako anataka kujua maamuzi uliyoyafanya ulipokuwa kazini: ulichagua nini, ukaacha nini, na kifaa ulichokuwa nacho mkononi kilikulazimisha kufanya nini. Furaha yako naiamini, ila haimwambii msomaji kwa nini mkia wa chui umepinda kuelekea juu.

Tuanze na huyo chui. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru katika mkoa wako huohuo, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya ubao mwembamba wa hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, kwa kuwa vitu hivyo vilipatikana kwa bei ambayo mtu wa kipato chake aliweza kuimudu. Rangi ya namna hiyo hung'aa, huufunika kabisa ubao, na huchukua muda kukauka. Kwa hiyo mchoraji hutanguliza rangi ya nyuma, akaisubiri ikauke, ndipo akamweka mnyama juu yake, na madoadoa hufuata baadaye. Sasa jiulize: wewe ulitumia rangi gani? Ikiwa ulichora kwa rangi ya maji juu ya karatasi, bila shaka madoa yalitaka kusambaa na kingo zikataka kuingiliana, nawe ukalazimika kutafuta njia ya kuyazuia. Njia hiyo hukuiiga kwa mtu, kwa hiyo ieleze kwa kirefu.

Kuhusu haya ya kuiga, wanafunzi wa Tingatinga, ambao baadhi yao walikuwa jamaa zake, walijifunza kwa kuufuata mkono wake, na baada ya kifo chake mwaka 1972 wao ndio waliouendeleza mtindo huo hadi ukajulikana duniani. Kwa upande mwingine, Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu na mmoja wa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi, amefundisha miaka mingi kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Mimi nayaheshimu mafundisho hayo, lakini naona kwamba mtoto wa kidato cha tatu ana haki ya kupitia kwenye mkono wa mtangulizi wake, mradi aseme waziwazi alichokichukua na alichokibadilisha. Andika hivyo, bila kuomba radhi.

Chungu chako ndicho kinachonivutia zaidi. Udongo mwingi wa kufinyangia una chembechembe za chuma, na chungu kikichomwa mahali penye hewa ya kutosha, chuma hicho huungana na oksijeni, chungu kikawa chekundu. Pale ambapo kuni au majani yamekilalia na kuizuia hewa, moshi huacha kaboni kwenye udongo, nao ukawa mweusi. Kwa hiyo baka lile ni kumbukumbu ya jinsi moto ulivyokizunguka chungu chako, na yeyote anayechomea vyungu mahali pa wazi, pasipo tanuri, analijua vizuri. Kumbuka chungu kililalia upande gani, upepo ulitoka wapi, na kuni mlizipanga namna gani. Kisha sema kama baka hilo umelipenda au hukulipenda, na kwa nini. Hapo maoni yako yatakuwa yameshika mahali.

Kuhusu kanga sina mengi. Eleza ulivyogawa pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, na namna ulivyochonga herufi za jina, yaani maneno ya kanga, zikiwa zimegeuzwa ili zisomeke vizuri baada ya kuchapwa, maana hilo peke yake ni somo la kupanga kazi kabla ya kushika kisu.

Usigawe kurasa sawasawa kwa kazi zote tatu. Chungu kipe nafasi kubwa, kanga aya moja. Bandika na michoro yako ya awali, hata ile uliyoikatakata kwa kalamu, kisha chini ya kila mmoja andika sentensi moja inayoeleza kwa nini uliuacha. Daftari likiwa hivyo, mpelekee mwalimu wako tena.